Shemeji anataka tufungue kiwanda kidogo cha chakula cha kuku, dhamana ni kiwanja alichoniachia baba

Anti shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mkoa wa Dodoma, mjini sio na kijijini sio, tuko karibu na barabara kubwa. Naomba usiweke jina langu maana ndugu wa mume wangu wanasoma sana hizi safu na sitaki ionekane nimewaanika.

Nafuga kuku wa mayai, sasa hivi wako 600 hivi. Nilianza na 50 kwa hela ya kikoba nikawa naongeza kidogo kidogo, mume wangu ni mtumishi wilaya nyingine anakuja mwisho wa mwezi, alinisaidia mabati na kuvuta maji ila kuku ni wangu na hata yeye anasema hivyo mbele za watu. Wakitaga vizuri naokota trei 16 kwa siku na mwenye duka anachukua kwa 8,000. Mtu akisikia hivyo anajua nina hela, lakini Anti hela yote inaishia kwenye chakula. Mfuko wa kilo 50 nanunua 68,000, kwa mwezi inaenda mifuko 41 mpaka 42, yani kama milioni 2 na laki 8, hapo bado chanjo, bado kijana wa bandani, bado trei zenyewe. Na mfuko siku hizi haueleweki, mwezi huu una harufu nzuri ya dagaa, mwezi ujao ni pumba tupu, ukiuliza dukani wanakwambia hata sisi tunaletewa hivyo hivyo.

Mwaka jana akaja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kamaliza diploma ya mifugo na ajira hakuna. Kwa kweli ni kijana mzuri, hanywi, anaamka kabla yangu, chanjo zote anafanya yeye na tangu aje vifo vimepungua sana. Yeye ndo alileta wazo la kuchanganya chakula wenyewe. Sikukataa, tena nilifurahi maana hilo wazo nimelala nalo miaka, hapa tulipo soko la mahindi la Kibaigwa sio mbali, mashudu ya alizeti kutoka Singida yanapita barabarani kila siku, iweje nisubiri mfuko unaotoka Dar?

Akachanganya ya kwanza kwa koleo sakafuni. Kwenye daftari lake nikaona ameandika kwa kilo 100: mahindi ya kuparaza 50, pumba za mahindi 18, mashudu ya alizeti 20, dagaa 8, chokaa 3, halafu chumvi nusu kilo na premiksi (ule unga wa vitamini na madini). Akasema kilo moja inatutoka 1,100 wakati ya dukani ni 1,360. Tukawapa kuku wote. Mwanzoni hakuna shida, baadae mayai yakaanza kushuka, trei 16 zikawa 14 zikafika 11, maganda laini mengine yanapasuka ukishika tu, na kuku wakaanza kudonoana manyoya. Nikarudisha chakula cha dukani bila kumuuliza mtu. Mayai yamepanda ila hayajarudi kama mwanzo, yako trei 14. Shemeji alinuna, anasema shida haikuwa mchanganyiko, shida ni koleo halafu joto lilikuwa kali, tukipata mashine itakaa sawa.

Sasa hapo kwenye mashine ndo penye mzigo. Wamekaa yeye na kaka yake wakapiga hesabu, mashine ya kusaga, miksa, mota, kuvuta umeme wa njia tatu na kibanda, inafika milioni 10. Mume wangu anataka nichukue mkopo SACCOS wa miaka miwili, marejesho 520,000 kila mwezi, na dhamana iwe kiwanja changu. Mshahara wake yeye una mkopo wa nyumba tayari, haukopesheki tena. Kiwanja hicho aliniachia marehemu baba, hati ina jina langu, ni kitu pekee nilichonacho cha kwetu. Fundi amesema mashine inasaga nusu tani kwa saa kwa hiyo wanasema tutalisha kuku wetu na tutawauzia wafugaji wa hapa, majirani kama kumi wameshasema watanunua.

Mama mkwe kanipigia, kasema mwanangu, huyo mdogo wako akisimama na sisi huku tumepona. Mume wangu hajanigombeza hata kidogo, ila alisema neno moja, "angekuwa mdogo wako wa damu ungeshasaini." Hilo neno Anti silali nalo. Nimewajibu nafikiria. Mwisho wa mwezi anakuja na fomu.

Nikisaini halafu mayai yakashuka tena nitalipa na nini? Nisiposaini nitaonekana nina roho mbaya, na kijana atavunjika moyo aondoke, na ukweli ni kwamba banda limetulia sababu yake. Na mi mwenyewe nataka chakula chetu, si kwamba sitaki. Naomba unisaidie kufikiri.

Mama Mayai, Dodoma

*

Marahaba mdogo wangu, pole na hongera pia, maana kutoka kuku 50 wa kikoba mpaka 600 na banda limesimama, hiyo kazi naijua, nimefuga kuku wa mayai Morogoro miaka mingi na najua mfuko wa chakula unavyoweza kumkosesha mtu usingizi.

Nimesoma barua yako nikaona una mambo matatu mkononi na yote yamebanwa kwenye fomu moja. Kuna chakula, kwamba unataka kilicho bora na cha bei nafuu kuliko cha dukani. Kuna mkopo na kiwanja cha baba. Na kuna shemeji, nafasi yake kwenye nyumba yako na lile neno la mume wako. Fomu inataka uyajibu yote kwa sahihi moja, na ukiyaangalia vizuri kila moja lina jibu lake na wakati wake, unaweza ukakubali moja ukasubirisha lingine na hakuna aliyekosewa heshima.

Tuanze na daftari la shemeji maana hapo nimekaa muda mrefu. Chokaa kilo 3. Kuku anayetaga anahitaji kalsiamu kama asilimia 3.5 mpaka 4 ya chakula chake, na kwa chokaa nzuri ya mifugo hiyo inataka kama kilo 8 mpaka 10 kwenye kila kilo 100. Kilo 3 ni kiwango cha kuku anayekua, ambaye bado hajaanza kutaga. Inawezekana kabisa alichukua fomula ya kukuzia akaitumia kwa wanaotaga, au aliweka unga wa mifupa au maganda ya konokono ambayo hakuyaandika, muulize. Lakini kama ni hizo 3 tu, basi maganda laini uliyoyaona hayahitaji sababu nyingine. Kuku anachomoa kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe mpaka inaisha, ndo maana mwanzoni hukuona kitu.

Protini nayo. Kuku wa mayai anataka kama asilimia 16 mpaka 17. Nikipiga hesabu ya hivyo vitu vyake, mahindi yana kama 8 au 9, pumba kama 10, mashudu yetu ya alizeti ya mashine za mtaani yanakuja na maganda yake kwa hiyo mara nyingi yako kwenye 25 na kitu, napata kama 15 na kidogo, na hapo nimewapa dagaa heshima kamili. Dagaa wa chakula cha mifugo mara nyingi wana mchanga. Chukua kiganja uweke kwenye glasi ya maji ukoroge, mchanga utauona chini, sasa kama ulinunua dagaa kilo 8 na kilo 2 ni mchanga, protini imeshuka tena. Kuku aliyepungukiwa protini, hasa methionini, ile sehemu ya protini ambayo kwenye nafaka ni kidogo, au aliyepungukiwa chumvi, huwa anaanza kudonoa wenzake. Si lazima iwe hivyo kwako, banda likibana au mwanga ukizidi wanadonoana pia, lakini inafanana.

Nimekwambia hayo yote kwa sababu mbili na zinavutana. Kwanza, shemeji hana haja ya kuhukumiwa. Kosa la chokaa linarekebishika kwa kalamu, kijana anayejua chanjo vile anaweza kujua na hili, na joto analolisema nalo ni kweli linapunguza ulaji na linafanya maganda yawe membamba, tena mlibadilisha chakula kwa kuku wote kwa mkupuo, hiyo peke yake inaweza kuwashtua. Kuku wako wana umri gani? Kama wamevuka mwaka na nusu, hizo trei mbili ambazo hazijarudi zinaweza zisirudi hata ukiwapa nini. Na kama chanjo ya mdondo (kideri) ilikuwa imekaribia tarehe yake, uliza na hilo.

Sababu ya pili ndo naomba muiangalie wote watatu. Mashine ingechanganya zile kilo 3 za chokaa vizuri sana, sawasawa kila kona ya mfuko, na mayai yangekuwa laini vile vile. Koleo lina udhaifu wake lakini watu wanachanganya kwa koleo na kuku wanataga, ukiwa na sakafu ya sementi iliyo safi na ukianza na vitu vidogo: premiksi, chumvi na methionini kama ipo unazichanganya kwanza na kilo 2 au 3 za pumba laini, halafu hizo unaziongeza kwenye kilo 20, ndo unamwaga kwenye lundo kubwa mnalipindua mara kadhaa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Premiksi nyingi zinawekwa kilo 2.5 au 5 kwa tani nzima, soma lebo, sasa gramu 250 ukizitupa juu ya kilo 100 ukakoroga mara mbili ni wazi kuna kuku atapata nyingi na mwingine atakosa kabisa.

Haya, hela. Tofauti ya 1,360 na 1,100 ni 260 kwa kilo. Kuku mmoja anakula kama gramu 115 kwa siku, wako 600 wanakula karibu kilo 69, mwezi ni kama kilo 2,070, kwa hiyo unaokoa kama 538,000. Marejesho ni 520,000. Yani inabaki 18,000 kabla hujalipa umeme, kabla ya nyundo na chekeche za mashine za kubadilisha, kabla ya mtu kubeba magunia. Na hiyo 1,100 mdogo wangu ni bei ya chakula kile kile kilichokupa mayai laini. Ukiongeza chokaa lazima upunguze kitu, ukipunguza pumba uongeze dagaa au soya ili protini ipande, na soya lazima ikaangwe au ipikwe kwanza maana mbichi ina vitu vinavyozuia kuku kutumia protini, basi bei itapanda. Tuseme imepanda ikafika 1,180 tu, akiba yako kwa mwezi inakuwa kama 372,000 na marejesho yako pale pale 520,000. Ongeza na hili, ile kushuka kutoka trei 16 mpaka 11 ni 40,000 kwa siku, wiki mbili za namna ile zimekula zaidi ya akiba ya mwezi mzima hata kwa hesabu yao nzuri.

Ndo maana wameweka majirani kwenye hesabu, na hawajakosea kuwaweka, bila majirani haiendi. Mashine ya nusu tani kwa saa itamaliza chakula chako cha mwezi kwa masaa manne na kidogo. Mwezi mzima uliobaki imekaa. Kwa hiyo kinachoombwa kwenye fomu ni biashara ya kuuza chakula cha mifugo, na hiyo ni kazi nyingine tofauti na ufugaji, inaweza kuwa nzuri tu, wapo waliotoka nayo, ila muiite kwa jina lake mkae muiongelee hivyo. Majirani kumi waliosema watanunua, wana kuku wangapi? Watalipa taslimu au watasema andika, nikiuza mayai nitakuletea? Wewe unayeuza mayai unajua jibu. Na siku mayai ya jirani yakishuka atakuja mlangoni kwako, kama wewe ulivyokwenda dukani. Halafu kuuza kuna sheria, Tanzania tuna Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, mtengenezaji na muuzaji wanatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo kabla ya kununua bolti moja shemeji aende kwa afisa mifugo wa wilaya aulize utaratibu na gharama, hiyo ni kazi nzuri ya kumpa, diploma yake itamsaidia kuelewana nao.

Na usinichoke, kuna sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Wewe uko Dodoma, unakumbuka mwaka 2016 watu walifariki huko kwenu na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kuna tabia tunayo wengi, mahindi yakiota ukungu tunasema haya ni ya kuku. Kuku anaumia ini, kinga inashuka hata chanjo haishiki vizuri, mayai yanapungua, na ukimuuzia jirani mwenye ng'ombe wa maziwa sumu inatoka kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Kwa hiyo akiba ya kununua mahindi mengi wakati wa mavuno bei ikiwa chini ni kweli ipo, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, ila inataka mahindi yaliyokauka sawasawa, unyevu usizidi kama asilimia 13, yawekwe kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa, ya kinga njaa, au mahali pasipopata maji. Kama hamna kipimo, chukua chupa kavu, weka mahindi na chumvi kavu, tikisa, chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa bado yana maji. Kama kuna hela ndogo ya kutafuta mwaka huu, binafsi naona stoo ya mahindi inaweza kukupa faida kabla ya mota.

Sasa njia ulizonazo, nitazisema jinsi ninavyoziona na kila moja ina jiwe lake.

Mnaweza kuendelea kuchanganya bila kumiliki mashine. Kuparaza mnapeleka kwenye mashine ya mtaani, mnalipa kwa kilo, kuchanganya mnafanya nyumbani. Mnatenga kuku 60 kwenye kona yao na maji yao, wanapewa fomula iliyorekebishwa, wengine wanabaki na cha dukani, mnahesabu mayai ya kila upande mwezi mmoja au miwili, na mnabadilisha chakula polepole kwa wiki nzima, robo, nusu, mpaka chote. Hapo mkikosea mnapoteza nusu trei, hampotezi trei 5. Sampuli mnaweza kupeleka maabara, TVLA, wakala wa maabara ya mifugo wa serikali, wanapima vyakula vya mifugo na SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, nao wana maabara. Ubaya wake ni kwamba ni polepole, mashine ya mtaani inaweza kuwa na mabaki ya kitu kingine, na shemeji mwenye haraka ya maisha anaweza kuona mnamchelewesha.

Au mnanunua konsentreti ya kuku wa mayai, ile yenye protini, madini na vitamini tayari, nyie mnaweka mahindi na pumba zenu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Unafaidi mahindi ya Kibaigwa bila kubeba hatari ya kukosea chokaa. Ila bado uko mikononi mwa bei ya muuzaji, na ndicho kitu ulichokuwa unakikimbia.

Njia nyingine, mashine iwe ya watu wengi. Kama majirani kumi kweli wanataka, kwanini wasiweke hela kidogo kidogo? Mtu aliyeweka laki mbili yake hanunui kwa maneno. Na halmashauri zinatoa ile mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, shemeji kwa umri wake akijiunga na vijana wenzake wenye ufugaji anaweza kuomba kwa jina lake, na wewe upande wa wanawake. Najua vikundi vina maneno, vikao haviishi, na mkopo wenyewe unaweza kuchukua muda, lakini kwenye njia hii kiwanja chako hakijaguswa na kijana ana kitu chake kwa jina lake, mimi naona hilo la mwisho lina uzito.

Na njia ya kusaini ipo pia, siifuti. Ukisaini, uliza kama wanaweza kuanza na mashine ndogo ya umeme mlionao au ya dizeli, uliza kama akiba zenu SACCOS zinaweza kuwa dhamana badala ya hati, na piga hesabu kwamba kwa miezi sita ya kwanza mashine haitakuletea chochote, je kuku wako wa trei 14 wanaweza kubeba 520,000 peke yao? Trei 14 ni kama 112,000 kwa siku, mwezi milioni 3 na laki 3 na kitu, chakula ni milioni 2 na laki 8. Jibu hilo mnaliona wote mkikaa mezani na kalamu, na ni bora mume wako aione namba hiyo kwenye karatasi kuliko aisikie kama sauti ya mke anayekataa.

Nije kwenye neno lake. "Angekuwa mdogo wako wa damu ungeshasaini." Limekuchoma na naelewa. Lakini jiulize polepole, kama mdogo wako wa damu angekuletea fomu hiyo hiyo na daftari hilo hilo la kilo 3 za chokaa, ungesaini? Kwa jinsi ulivyoandika, sidhani. Basi mwambie hivyo hivyo, kwa upole, siku mkiwa wawili, isiwe siku fomu iko mezani na mama mkwe yuko kwenye simu. Kitu kingine, nimesoma barua yako mara mbili sijaona mahali umemwambia mume wako kwamba unaogopa kupoteza kiwanja cha baba. Umemwambia "nafikiria." Inawezekana yeye anachosikia ni kwamba humwamini mdogo wake, maana hujampa sababu nyingine ya kusikia. Mpe. Kiwanja ni chako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mwanamke aliyeolewa kuwa na mali yake, bila sahihi yako hakiwekwi rehani, sikwambii hivyo ili umtishie mtu, nataka ujue tu unaongea ukiwa umekaa, hakuna anayekukimbiza. Hata tarehe ya mwisho wa mwezi ni ya kwao, SACCOS haifungi.

Na mama mkwe, mama wa watu anaona kijana wake kakaa, ni maumivu ya mzazi. Unaweza ukamjibu kwa kitu ambacho sio mkopo. Shemeji anafanya chanjo zote, anaamka kabla yako, vifo vimepungua, je anapata nini kwa mwezi? Hukuandika. Kama ni chakula na malazi tu, huenda hiyo mashine kwake ni njia pekee anayoiona ya kuwa na hela yake. Posho inayoeleweka, au asilimia kwenye trei zinazozidi kiwango fulani, au hao kuku 60 wa majaribio wawe mradi wake na faida yake, hiyo inaweza kumwambia unamthamini kuliko fomu yoyote. Inaweza isitoshe pia, kijana mwenye ndoto kubwa anaweza kuondoka hata ukifanya yote, na hilo halitakuwa roho mbaya yako.

Kitu kimoja cha kufanya leo kabla hata hujaongea na mtu. Kama kuna chakula kimebaki cha ule mchanganyiko wa kwanza, usikitupe na usikichanganye na cha dukani. Chota kutoka juu, katikati na chini ya mfuko, upate kama kilo moja, kiweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, andika tarehe, halafu mwambie shemeji mkipeleke pamoja kikapimwe kalsiamu na protini, na mwambie unataka kujua ili mchanganyiko wa pili uwe sawa. Fomula mpya mkishaiandika niandikie tena, uniambie na umri wa kuku, niipigie hesabu.

Anti